Mighafu na Mafagio Yetu

Mwaka huu joto lilipoanza tu, kiyoyozi cha gari yangu kikafa. Kama hujawahi kuendesha gari Maskati mwezi wa sita bila kiyoyozi, shukuru Mungu na usiombe kujua. Nikaipeleka mtaa wa Ghala kwa mafundi. Fundi akaniambia nisubiri, nami kukaa kwenye kiti cha plastiki nikivuta harufu ya rangi za magari siwezi, nikatoka nikazunguka nyuma ya magereji. Nisikudanganye, nilikuwa najua ninapokwenda. Nyuma ya safu ya mwisho ya magereji ndipo tulipokuwa tukikaa sisi, na ndipo ilipokuwa miti yetu, mighafu.

Hakuna kitu. Kuna ukuta wa zege wa kuzuia mafuriko, magurudumu mabovu, mabomba yenye kutu, na vichaka vya ule mti wa miiba wa kigeni ambao hakuna anayekumbuka kaupanda nani na hakuna anayeweza kuung'oa. Nikatafuta japo kisiki. Wapi! Nilisimama pale na mkoba wangu begani, mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu, nikalia. Basi nakusimulia weye, maana watoto wangu nikianza tu habari za mighafu wanatazama simu zao.

Mghafu ni mti wa hukuhuku Omani. Hauna makuu: majani madogo madogo kama ya mkwaju, miiba midogo, matawi yaliyoinama. Lakini kiangazi kikishika, mawe yanachoma na kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi, mghafu wenyewe ndio kwanza unakuwa kijani. Mizizi yake inafuata maji huko chini kusikofika kisima cha mtu. Yetu ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa wadi, ule mto wa changarawe usio na maji ila mvua ikinyesha. Ilikuwa mingi, minene, mikubwa kuliko nyumba, na katikati yake palikuwa na mikunazi ambayo kunazi zake tulikula mpaka matumbo yakatusuta. Mchana ukitoka juani ukaingia chini ya mighafu, ulihisi mtu kakuvua koti.

Walioanza kukaa pale si sisi. Watu wa mbuzi ndio waliokuwa wakija, tangu enzi za mabibi wa mabibi zao. Walishuka kutoka milimani kila kiangazi wakati maganda ya mighafu yanapoanguka, mbuzi wakanenepa, kisha wakaondoka. Baadaye mmoja wao hakuondoka. Alijenga kibanda cha matawi ya mtende, akajenga na zizi la mawe, na binti yake akazaliwa humo. Huyo binti ndiye jirani yetu. Mie nilimkuta keshakuwa mtu mzima, mjane, barakoa usoni, mikono imekauka kwa jua. Sisi watoto tulimwita Mama wa Mbuzi, na wala hakukasirika.

Bibi na Babu walikuja katika miaka ya sabini, mie sijazaliwa. Walitoka Unguja, wakahangaika Dubai miaka, mwisho wakafika Maskati na Babu akapata kazi serikalini na kiwanja chini ya miti ile. Jamaa zake nao wakapata viwanja ubavuni. Siku walipofika nyumba haikuwa na mlango wala maji. Mama wa Mbuzi akatokea na bakuli la maziwa na tende, akaweka chini, akakaa. Kiswahili hajui hata neno, na Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha kuombea chumvi. Bibi alisema walikaa hivyo mpaka magharibi, wanatazamana na kucheka kama mataahira. Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Yeye ndiye aliyemfundisha Bibi kupika machipukizi ya mghafu na samaki mkavu, na Bibi alikuwa akiyala huku akijisemea ni kisamvu.

Nilipopata akili, mwanzo wa miaka ya tisini, pale palikuwa mtaa kamili. Kiswahili kilipita dirisha kwa dirisha. Redio inasema Kiarabu, mama anajibu Kiswahili, skuli tunasoma Kiarabu, tukigombana tunatukanana kwa vyote viwili. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na sauti tatu: adhana, kengele za mbuzi, na mafagio.

Sasa hayo mafagio. Kwetu Unguja, au tuseme kwa Bibi maana mie Unguja nimeijua ukubwani, nyumba ambayo jua limechomoza uwanja haujafagiliwa ni nyumba ya kusemwa. Watu wakienda Unguja kutazama jamaa, wengine waliagiza karafuu na pilipili manga. Bibi aliagiza mafagio ya njukuti za mnazi. Hayo ya huku ya mtende aliyaona hayana kazi, yanapapasa tu. Baada ya sala ya alfajiri wanawake wa mtaa mzima walikuwa nje, wameinama, mkono mmoja mgongoni, wanafagia chini ya mighafu mpaka mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Majani, maganda, mavi ya mbuzi, vijiti, vyote vilikusanywa vikachomwa moto. Ule moshi ukichanganyika na harufu ya maandazi ya Bibi, mie mpaka leo nikiunusa mahali najisikia njaa na huzuni kwa pamoja.

Mama wa Mbuzi alikuwa akisimama na kikombe chake cha kahawa anatutazama. Miaka ya mwanzo, Bibi alisimulia, alimwuliza, "Mmepoteza nini?" Alidhani pete imeanguka. Bibi akamwambia hatujapoteza kitu, tunasafisha. Akatazama juu kwenye miti, akatazama chini kwenye mchanga, akasema mashaallah, akaenda zake.

Kilichokuja kuharibu ni mbuzi. Mbuzi hawajui uwanja wa nani umefagiliwa saa ngapi. Walikula shuka za watu kwenye kamba, waliingia majikoni, siku moja mmoja alikutwa amelala juu ya mswala wa Babu. Tulicheka, lakini wanaume walianza kunung'unika. Na walikuwa na lao moyoni. Huko makazini kulikuwa na wanaowaita Wazinjibari kwa mdomo wa pembeni, kana kwamba wamekuja jana kuazima nchi. Kwa hiyo walitaka mtaa wao uonekane mtaa wa watu, si zizi. Bibi naye alikuwa na asumini yake, ameipanda kwenye makopo ya samli, kijiti chake kimoja alikipata kwa taabu, amekilea kwa maji ya kuoshea mchele. Kila Ijumaa alitunga maua yake kikuba cha kuvaa kifuani. Mwaka ule, asumini iko kwenye maua, mbuzi wakaila mpaka kwenye udongo.

Bibi hakusema na Mama wa Mbuzi siku nzima. Jamani, watu waliokunywa chai pamoja tangu Babu hajaota mvi!

Wanaume wakakutana ukumbini kwetu, wakakata shauri kuizungushia mighafu yote waya wa senyenge, mbuzi wasiingie. Mama wa Mbuzi akasikia. Akaja jikoni kwetu. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia kila kitu. Hakuomba senyenge isiwekwe. Aliomba mlango mmoja tu, ufunguliwe wakati maganda yanaanguka, basi. Bila maganda yale, alisema, mbuzi zake hawaishi. Alimshika Bibi mkono akasema, "Wanakusikiliza wewe." Na kweli, hakuna mwanamume mtaani ambaye angempinga Bibi. Bibi akamwambia, "Ntasema nao, inshaallah."

Hakusema nao. Siku zikapita, wanaume wakaja na nguzo na senyenge, Bibi akawapikia chai. Nilimwona akiwa amesimama dirishani na birika mkononi, anatazama nguzo ya mwisho ikisimikwa, na mlango haupo. Mie mtoto sikumwuliza. Nadhani asumini ilikuwa bado inamchoma. Na nadhani alipenda, haki ya Mungu, kuuona uwanja wake mara moja ukiwa kama wa kwao.

Mwisho wa kiangazi kile Mama wa Mbuzi aliuza wanyama wake. Mwanawe alikuja na gari akampakia, akamchukua mtaa wa Hamriya kwenye fleti aliyopanga. Alipita kuaga nyumba zote. Kwetu alimwaga Bibi mlangoni, hakuingia.

Ramadhani iliyofuata ilinyesha mvua ya haja. Wadi ikashuka, tukakaa darini kutazama maji yakipita na matawi na mapipa. Siku kadhaa baada ya Idi, Bibi akanichukua tukaenda kule kibandani, sijui kwa nini, labda alimkumbuka mwenzake. Kibanda kimelala upande. Zizi la mawe lipo. Tukachungulia ndani.

Palikuwa kijani. Lile zizi lote, ukuta mpaka ukuta, limejaa vijimche, vingine urefu wa kidole, vina vijani vidogo na vimiiba laini. Bibi akanituma nikakate kitawi cha mghafu mkubwa. Akakiweka ubavu kwa ubavu na kimche kimoja, akatazama, akarudia kutazama. Kisha akakaa juu ya ukuta wa mawe.

"Tulipofika hapa," akasema, "kulikuwa na mighafu ya kila kimo. Mingine ya kiunoni, mingine ya magotini. Sasa nionyeshe mmoja ulio mdogo kuliko nyumba."

Nikageuka nikatazama ndani ya senyenge. Kwa kweli hapakuwa na hata mmoja. Miti mikubwa mitupu, na mchanga msafi.

"Mbuzi ndio waliokuwa wakiipanda," Bibi akasema. "Wanakula maganda, wanatoa mbegu kwenye mavi. Sie twafagia, twachoma moto. Miaka yote hii. Na mie nimemwacha mwenyewe aondoke."

Akaniambia nisimwambie mtu. Kwanza, alisema, lazima amtake radhi mwenye haki yake, ndipo aseme na watu wa mtaa kuhusu senyenge na mafagio. Alitaka mambo yaende kwa taratibu yake. Laiti asingetaka!

Mwaka huohuo Bibi alijaaliwa kwenda Hija na ammi yangu, mwanawe. Sasa weye unajua kwetu mtu haendi Hija hivihivi. Anapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, maana Mungu anasamehe yaliyo yake, lakini haki ya kiumbe huombwa kwa kiumbe mwenyewe, na ukienda nayo shingoni ndiyo umekwenda nayo. Bibi alipita nyumba zote za mtaa asubuhi ya siku ya karamu ya kumuaga. Akalia nao, wakalia naye. Alikuwa hali wala halali kwa sababu ya nyumba moja iliyobaki. Ammi akatutia garini, yeye na mie, tukaenda Hamriya.

Fleti ilikuwa juu ya maduka ya mafundi cherehani, ngazi zinanuka vitunguu vya watu wengine. Mama wa Mbuzi alifungua mwenyewe. Alikuwa amenenepa, mikono imekuwa laini, na dirisha lake lilitazama ukuta. Alituletea kahawa na tende. Bibi hakugusa. Alimshika mikono, na kwa kile Kiarabu chake cha chumvi akamwambia yote: kwamba aliahidi kusema na wanaume na hakusema, kwamba ilikuwa hasira ya asumini, kwamba anakwenda mbele ya nyumba ya Mungu na hawezi kwenda na hilo.

Mama wa Mbuzi akasema, "Nimekusamehe. Duniani na akhera."

Alivyolia Bibi sijawahi kumwona. Kisha akamwambia habari ya zizi. Yule mama akaweka kikombe chini. Akauliza mara mbili, ni mingi? Ni mingi, nikamjibu mie, zizi zima. Akasimama palepale akatafuta barakoa yake. "Nipelekeni nikaone."

Ile safari ya kurudi Ghala, mie naihesabu katika saa nzuri za maisha yangu. Walikaa nyuma, wameshikana mikono, wanasema wote wawili kwa pamoja. Bibi anaapa senyenge itakatwa kabla hajapanda ndege. Mama wa Mbuzi anasema atanunua mbuzi wawili majike, wawili tu, na atawazuia na kamba mpaka miche ikue. Anasema ataomba mwanawe amrudishe kibandani. Ammi anacheka anaendesha gari.

Tuliingia mtaani tukapokewa na vigelegele. Wageni walikuwa wameshaanza kufika, masufuria ya pilau na bokoboko yanatoa moshi, watoto wamevaa nguo za Idi. Bibi hakuwasalimia vizuri, alimkokota mwenzake mkono moja kwa moja kule nyuma. Nikawafuata mbio.

Zizi lilikuwa limetandikwa mikeka na mabusati. Uwanja wetu haukutosha kwa wageni, na wanawake wakakumbuka kule nyuma kuna mahali pazuri palipozungushwa mawe, panazuia upepo. Walikuwa wamefagia tangu tulipoondoka. Mchanga umemwagiwa maji, una mistari ya fagio. Pembeni kuna fungu la takataka mbichi linafuka moshi mweupe.

Shangazi yangu akaja mbio, uso umejaa jasho na furaha. "Mama, umeona tulivyokusafishia? Tumeng'oa hata yale magugu ya miiba, yasije yakawachoma wageni wako!"

Nilimtazama Bibi. Ungekuwa weye ungesema nini? Wanawake wote wale wamesimama na mafagio yao mikononi, wamechoka kwa ajili yake, asubuhi ileile amewataka radhi mmoja mmoja. Akasema, "Ahsanteni wanangu. Mungu awalipe."

Mama wa Mbuzi alikuwa analitazama lile fungu linalofuka. Kwa adabu alikaa kwenye mkeka, akala tonge moja la bokoboko, akanawa mikono, akaomba arudishwe nyumbani, ana sukari, hawezi kukaa na njaa mpaka pilau. Bibi akamfuata mpaka garini. Akashika ukingo wa dirisha.

"Nakutaka radhi tena," akamwambia.

Mama wa Mbuzi akamshika mkono. "Mimi nimekusamehe, na sirudi nyuma," akasema. "Lakini hii miti si yangu. Mimi pia niliikuta."

Gari ikaondoka.

Bibi alikwenda Hija, akarudi hajjati. Watu walimbusu kichwa. Senyenge aliikatisha, na fagio aliliweka nyuma ya mlango wa stoo asiliguse tena. Akawaeleza wote kwa nini, wengine wakamwelewa, wengine wakasema bibi kazeeka. Lakini mbuzi hawakuja. Sisi mbuzi tunawanunua Idi, na Idi hiyohiyo tunawachinja. Mama wa Mbuzi hakurudi kibandani. Tulisikia sukari ilimzidi, kisha tukasikia amefariki, tukaenda matanga Hamriya, tukapanda zile ngazi. Mighafu ikabaki na uzee wake. Magereji yakasogea, na mafuta yao yakaingia ardhini. Barabara ikachukua upande mmoja. Kila mwaka mti mmoja ulikuwa unakauka kuanzia juu. Halafu katika miaka ya elfu mbili kikaja kile kimbunga ambacho Maskati nzima inakikumbuka, wadi ikashuka kama haijawahi kushuka, ikaing'oa iliyobaki kwa siku moja. Miti mizee yote, na hapakuwa na midogo nyuma yake ya kushika udongo. Sisi tukapewa viwanja kwingine, kila nyumba na upande wake, na Kiswahili cha dirisha kwa dirisha kikaishia hapo. Siku hizi tunaonana kwenye harusi na misiba.

Bibi alifariki kabla ya kimbunga, nashukuru hakukiona. Miaka yake ya mwisho alikuwa akimaliza sala haondoki kwenye mswala. Anakaa tu, mikono juu ya mapaja. Siku moja nilimwuliza anaomba nini muda wote huo. Akasema haombi, anafikiri. Kwa Mungu keshatubu, kwa mwenzake keshasamehewa, na bado kuna haki imembakia na hajui aende kwa nani nayo.

Nilimwona mzee, nikamletea chai. Lakini juzi, nimesimama nyuma ya magereji na jua linanipiga utosini, ikanijia kwamba labda mie ndiye wa kumtakia hiyo radhi. Si ndiyo tunavyofanya kwa maiti wetu? Nikafuta machozi, nikasema bismillahi, nikageuka huku na huku nipate japo mti mmoja wa kuuambia. Sikuuona.